Begi la kiunoni linakusumbua njiani? Soma dalili kabla hujanunua jingine

Begi ninalolizungumzia si kile kipochi cha kuwekea simu na nauli. Ni begi la lita 5 hadi 15 hivi, linalokaa nyuma juu ya makalio, lenye mkanda mpana wa sponji unaozunguka nyonga, na mara nyingi lina mifuko miwili ya chupa pembeni. Kwa matembezi ya siku moja mlimani au msituni lina raha yake. Mgongo unapata hewa, mabega hayabebi kitu, na ukitaka karanga au simu unalizungusha mbele bila kulivua. Mwenye bega bovu, au aliyechoshwa na fulana inayoganda mgongoni kabla jua halijapanda, akilipata linalomkaa sawasawa hataki tena kusikia habari za begi la mgongoni.

Malalamiko nayo ni mengi: linashuka, linaruka, linabana tumbo, linatia ganzi. Wengi wakishasumbuka hukimbilia kununua jingine lenye sponji nene zaidi, na tatizo linawafuata hukohuko. Mimi naitazama sponji mwisho kabisa. Kwanza natazama uzito, kisha mahali mkanda unapokaa, kisha umbali wa mzigo kutoka mgongoni. Karibu kila dalili iliyomo humu inarudi kwenye moja ya hayo matatu, na mawili kati yake unayarekebisha bila kutoa hata senti.

Kabla ya yote, pima mzigo

Weka mezani kila utakachobeba, uvipime. Kama huna mzani wa jikoni, simama kwenye mzani wa kupimia watu ukiwa umebeba begi lililojaa, kisha bila begi, utoe.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa mwendo wa kawaida kwenye jua, nusu lita kwa saa ni kadirio zuri, kwa hiyo matembezi ya saa nne yanadai lita 2. Chupa ya chuma yenye kuta mbili huongeza gramu 400 au zaidi ikiwa tupu. Chapati, mayai ya kuchemsha na ndizi ni nusu kilo. Koti jepesi la mvua ni gramu 300 hadi 400, simu 200, betri ya kuchajia 200 na ushei, tochi na vifaa vya huduma ya kwanza 200 nyingine. Begi lenyewe ni gramu 500 hadi 700. Jumlisha: umevuka kilo 4, na sweta hujaiweka.

Kwangu mimi, begi la kiunoni linatulia hadi kilo 3 na linavumilika hadi 4. Kati ya 4 na 6 liwe na mikanda ya mabegani ya kusaidia. Zaidi ya hapo chukua begi la mgongoni, usibishane na mwili wako.

Kwa hiyo njia ndiyo inayoamua. Mlima Longonot, Kenya, kilele chake kiko mita 2,776, na kuzunguka ukingo wa kreta peke yake ni takribani kilomita 7.2, mbali na kupanda na kushuka. Kuna vumbi, jua ni la moja kwa moja, na hakuna mahali pa kujaza maji huko juu. Wengi watahitaji lita 3, na hapo begi la kiunoni ni kujitesa. Lakini Vilima vya Ngong asubuhi na mapema, Irente kutoka Lushoto mjini, Morningside juu ya Morogoro, au msitu wa Karura jijini Nairobi siku ya mapumziko, hizo ni njia zake kabisa. Mandara, kituo cha kwanza cha Kilimanjaro kutoka lango la Marangu, iko katikati. Umbali unaruhusu, ila msitu ule hunyesha bila kuomba ruhusa, na koti, sweta na soksi za akiba vinajaza begi haraka.

Linashuka hadi makalioni

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Unaanza begi likiwa mahali pake, na baada ya nusu saa limelala juu ya makalio, linakupiga kila hatua. Unakaza, linapanda, linashuka tena.

Kabla ya kubahatisha, fanya jaribio dogo. Funga mkanda vizuri, kisha chora alama kwa kalamu kwenye utepe wa mkanda, pale unapoingia kwenye klipu. Tembea robo saa. Kama alama imesogea, utepe unaachia, basi kosa liko kwenye klipu: meno yake yameisha, au yamejaa vumbi na mchanga. Ioshe kwa maji na mswaki wa zamani. Ikiendelea kuachia, fundi wa mabegi atakuwekea nyingine, alimradi upana wake ulingane na utepe. Kama alama imebaki palepale na begi limeshuka, klipu haina hatia. Endelea kutafuta.

Chunguza mkanda unakaa wapi. Weka viganja kiunoni, ubonyeze kwenda chini hadi ukutane na mfupa mgumu. Huo ni ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Mkanda unatakiwa uukumbatie ukingo huo, nusu ya upana wake juu na nusu chini. Wengi huufunga juu zaidi, kwenye sehemu laini panapofungwa kanga. Pale hakuna mfupa wa kuushikilia, kuna nyama tu, na nyama husogea ukipumua, ukila, ukipanda. Mkanda utateremka wenyewe kutafuta mfupa, na kwa sababu umefungwa kwa kipimo cha kiuno, ukifika kwenye nyonga umeshapinda na hautulii.

Kisha umbo lake. Nyonga za watu wengi, hasa wanawake, hupanuka kuelekea chini. Mkanda uliokatwa moja kwa moja ukizungushwa hapo, ukingo wa chini unauma na wa juu unaacha nafasi unayoweza kupitisha vidole. Ulaze begi mezani utazame: mkanda mzuri una mpindo, ukingo wake wa juu ni mfupi kuliko wa chini. Ukiwa nao umenyooka kabisa, na nyonga zako ni pana, hakuna namna ya kuukaza itakayosaidia. Hapa ndipo kununua jingine ni jibu halali.

Tazama pia mabawa, yaani ile sehemu ya mkanda yenye sponji. Yanatakiwa yafike mbele kupita ubavu wa nyonga, ila yasikutane. Yakikutana tumboni mkanda umefika mwisho wake na huwezi kukaza zaidi. Bakiza nafasi ya vidole vinne kati ya bawa na bawa, maana ukitembea muda mrefu utataka kukaza kidogo. Mabegi mengi ya mtumba yalitengenezwa kwa watu wenye viuno vikubwa, na tatizo hili kwa wembamba ni la kawaida sana. Fundi cherehani anaweza kupunguza mabawa, lakini yeye mwenyewe atakuambia kwamba kushona upya sponji na utepe kwa nguvu ileile si kazi ya sindano ya kawaida.

Mwenye kitambi na nyonga nyembamba nitamwambia wazi: tumbo litausukuma mkanda chini hata ufanyeje. Anunue begi lenye mikanda ya mabegani tangu mwanzo, ile myembamba inayozuia tu begi lisishuke huku uzito ukibaki nyongani.

La mwisho ni nguo. Jezi ya mpira huteleza, ichomeke ndani ya suruali. Anayetembea na dera au baibui atakuta kitambaa kinateleza zaidi, na mkanda unakikusanya na kukivuta. Leso ya pamba iliyokunjwa mara mbili, ikafungwa nyongani chini ya mkanda, huushika vizuri na pia hulinda nguo isichanike pale sponji inaposugua.

Linaruka na kuyumba

Hapa shida ni umbali. Mama anayebeba mtoto kwa kanga anaijua vizuri: fundo likilegea mtoto ananing'inia nyuma na uzito unazidi, fundo likikazwa mtoto anashikamana na mgongo na mama anaendelea na kazi zake. Mtoto ni yuleyule. Kilo 3 zikiwa sentimita 20 nyuma ya uti wa mgongo hukuvuta mara mbili ya kilo hizohizo zikiwa sentimita 10. Ndiyo maana begi fupi lililonenepa kwenda nyuma huchosha kuliko begi pana lililo bapa, hata ujazo wao ukilingana. Ukichagua kati ya mawili ya lita 10, chukua lile linaloenea ubavuni.

Upangaji wa vitu unabadilisha mengi. Kizito kiguse mgongo: betri, chakula, mfuko wa maji kama unautumia. Koti na vitu vyepesi vikae nyuma kabisa. Watu huwa wanafanya kinyume, koti linatangulizwa kwa kuwa ni laini mgongoni, na chupa ya chuma inaishia nyuma kabisa.

Kisha tafuta mikanda midogo ya pembeni, inayotoka pembe za juu za begi na kushikana na mkanda mkuu. Kazi yake ni kuvuta kichwa cha begi kije mgongoni. Bila hiyo begi lililojaa huinama nyuma, liwe la bei gani. Kampuni ya Mountainsmith, iliyoanzishwa Colorado, Marekani, mwaka 1979, imejenga jina lake kwa mabegi ya aina hii, na mikanda hiyo ya kuvuta ndiyo sehemu ninayoisifu zaidi kwao. Ukikutana na begi lao kuukuu kwenye soko la mtumba, Gikomba ya Nairobi au Karume ya Dar es Salaam, hakikisha mikanda hiyo bado ipo, kwa maana mara nyingi imekatwa na mtu aliyeiona ni urembo.

Utaratibu wa kufunga nao una maana. Legeza kila kitu. Inama mbele kidogo, lipandishe begi mpaka mkanda ukae juu ya mfupa wa nyonga, funga klipu, kaza mkanda mkuu. Simama wima. Sasa vuta ile mikanda ya pembeni, mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, hadi begi liguse mgongo. Mwisho kaza mikanda ya kubana mzigo. Ukianza na mikanda ya pembeni kabla ya mkanda mkuu, unakuwa umeukunja mkanda kabla haujakaa.

Begi lililojaa nusu huruka kuliko lililojaa. Likiwa na nafasi, jaza sweta, au libane mpaka vitu visitembee. Tikisa kwa mkono: ukisikia kitu kinagongana, utakisikia njia nzima.

Maji yanayochapa ndani ya chupa pia yanatikisa. Mfuko wa maji wenye mrija ni tiba nzuri ya hilo: ukishaujaza, ugeuze juu chini, uvute hewa yote kwa mrija mpaka maji yaje mdomoni. Bila hewa maji hayachapi.

Kama unachotaka ni kukimbia mteremkoni, acha begi la lita 10. Halikutengenezwa kwa hilo. Tafuta kizibao cha wakimbiaji.

Mgongo wa chini unauma

Maumivu yana sura nne hapa na kila moja ina chanzo chake, kwa hiyo jiulize yako wapi hasa.

Yakiwa mahali pamoja, unaweza kuyagusa kwa kidole, kuna kitu kigumu kinakuchoma: kona ya betri, mfuniko wa chupa, kifundo cha utepe. Panga upya. Kama begi ni tupu na bado linachoma, tazama bamba la nyuma. Sponji iliyochoka hushikana ukiibonyeza na hairudi, na nyuma yake utagusa mshono au fremu.

Yakiwa ni uchovu unaoenea upana wote wa kiuno, mzigo ni mzito mno au uko mbali. Unapolegea nyuma, misuli ya mgongo hufanya kazi ya kukurudisha mbele saa zote. Punguza uzito, vuta mikanda ya pembeni. Pia kagua urefu: kitako cha begi kikae kwenye ule mfupa bapa ulio chini ya kiuno, juu tu ya mwanzo wa makalio. Likiwa limepanda juu ya hapo linakandamiza pale mgongo unapojipinda kwenda ndani, na wenye mpindo mkubwa wanaumia haraka. Mwambie mwenzako apitishe mkono kati ya mgongo wako na begi. Mkono ukipita bila kizuizi katikati, begi linakugusa juu na chini tu, na umbo lake halikufai.

Yakiwa upande mmoja, pima chupa zako. Chupa kamili kulia na tupu kushoto ni tofauti ya kilo nzima. Kunywa kwa zamu: robo hapa, robo pale. Wengine wanamaliza chupa moja kwanza kwa sababu kuvuta ile ya upande wa pili ni shida kwao. Basi baada ya kila mapumziko zibadilishe pande, chupa ya kulia iende kushoto.

Na yakiwa yanashuka mguuni kupita goti, au yanakuja na mguu kukosa nguvu, usilaumu begi. Rudi nyumbani, muone daktari. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo pamoja na maumivu hayo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Paja linawaka au linakufa ganzi

Dalili hii huwatisha watu, na mara nyingi hawaihusishi na begi hata kidogo. Upande wa nje wa paja unawaka, unachomachoma, au ukiugusa unahisi ngozi si yako. Kiuno hakiumi, goti haliumi.

Kuna neva ya ngozi inayotoka ndani ya nyonga na kupita karibu sana na ile ncha ya mfupa wa nyonga unayoigusa kwa mbele, kisha inashuka kuhudumia ngozi ya nje ya paja. Mkanda uliobana hapo unaikandamiza. Mkanda mwembamba ni mbaya zaidi kwa sababu nguvu yote inaangukia mstari mmoja. Suruali yenye mkanda wa ngozi na bizimu ya chuma chini ya mkanda wa begi inaongeza maradufu. Uzito wa mwili, ujauzito na kisukari vinaifanya neva hiyo iwe rahisi kuudhika.

Ukiihisi njiani, simama, fungua klipu, tembea dakika chache begi likiwa mkononi. Kisha lifunge likiwa limepanda au kushuka kidogo kuliko mwanzo, na lisibane sana. Vua mkanda wa suruali. Suruali ya lastiki ndiyo rafiki wa begi la kiunoni. Kama begi lako lina mikanda ya mabegani, hamishia sehemu ya uzito huko kwa muda uliobaki.

Ganzi huondoka yenyewe shinikizo likiondoka. Ikikaa siku kadhaa, mwone daktari. Na kwa kuwa neva hii ni ya hisia tu, mguu ukilegea au ukishindwa kuunyanyua, chanzo ni kingine na hakingoji.

Tumbo linabanwa, kichefuchefu, pumzi haishuki

Mkanda umekaa juu ya tumbo. Ushushe nyongani. Kama uko nyongani tayari na bado unabana, unaukaza kupita kiasi ili kuzuia begi lisishuke, basi rudi kwenye sehemu ile ya kushuka, tiba iko kule.

Baada ya kula, legeza utepe kidogo kwa nusu saa. Kwenye mpando mkali mwili unainama na tumbo linasukumwa kwenye klipu, na klipu kubwa ndiyo inayoumiza. Isogeze pembeni kidogo ya kitovu. Mjamzito asibebe begi hili, achukue la mgongoni lisilo na mkanda wa tumbo, au mwenzake ambebee. Aliyetoka kujifungua kwa upasuaji naye asubiri mpaka daktari amruhusu kubeba mzigo, kwa kuwa mkanda unavuta tumbo lilelile lenye kovu.

Michubuko

Jasho, chumvi yake, vumbi na mshono. Vitu vinne hivyo vikikutana ngozi inaondoka. Fulana iwe ndefu, ichomekwe, isijikunje chini ya mkanda. Pamba ikilowa inasugua. Fulana nyepesi ya michezo ni bora hapa, ingawa inateleza. Osha mkanda wa begi baada ya safari, kwa maji na sabuni kidogo, ukauke kivulini. Chumvi ikikauka kwenye neti inakuwa msasa.

Chupa haiingii, au inadondoka

Tangu tarehe 5 Juni 2020, Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja kwenye maeneo yaliyohifadhiwa, zikiwemo chupa za maji za kununua dukani. Ukienda Longonot, Hell's Gate au Karura unabeba chupa ya kudumu. Tatizo ni kwamba mifuko ya mabegi mengi, hasa ya zamani, ilishonwa kwa chupa nyembamba. Chupa ya chuma yenye kuta mbili inaingia kwa nguvu, haitoki ukitembea, na inasukuma mfuko ndani ya begi. Kwa hiyo nenda kununua begi ukiwa na chupa zako mkononi. Usikubali kuambiwa itaingia tu.

Mfuko mzuri wa chupa umelala kuelekea mbele kidogo, ili mkono uifikie bila kukunja bega. Mfuko uliosimama wima unakulazimisha ulivue begi, na mtu anayelazimika kulivua begi hunywa kidogo kuliko anavyopaswa. Hilo kwangu ni kosa kubwa la kiusanifu, kubwa kuliko zipu mbaya.

Ikidondoka mteremkoni au ukiruka jiwe, mfuko ni mfupi au mpira wake umelegea. Mfuko ufunike angalau nusu ya chupa. Kamba ya mpira yenye kishikizo, inayovishwa shingoni mwa chupa, inamaliza suala hilo kwa bei ndogo. Fundi viatu anaishona wakati unasubiri.

Vitu vinalowa

Maji huingia kwa njia mbili. Mvua hupitia zipu na mishono. Jasho hupitia bamba la nyuma, na hili watu hulisahau: siku ya jua kali, bila tone la mvua, unakuta daftari na pesa vimelowa kwa sababu viliwekwa upande wa mgongo bila kufungwa.

Ndani ya begi tumia mfuko usiopitisha maji unaokunjwa mdomo. Mifuko ya rambo tuliyozoea kufungia vitu haipo tena kihalali, Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usiitegemee. Kipande cha turubai jepesi kilichoshonwa mfuko kinafanya kazi nzuri, na usisahau kukunja mdomo mara tatu. Kama kitambaa cha begi kwa ndani kinanata au kinamenyuka vipande vyeupe, utando wake wa kuzuia maji umekufa kwa uzee na unyevu. Haurudi. Begi bado litatumika kiangazi, ila usililipie bei ya begi zima.

Sokoni

Begi la kiunoni halijaribiwi likiwa tupu. Tupu, yote yanapendeza. Beba chupa zako zimejaa maji, na sweta. Kwenye genge la mtumba mwombe muuzaji kwa adabu, mwachie hata begi lako kama dhamana, utembee kidogo mbele yake. Dukani fanya vilevile. Panda ngazi kama zipo. Inama ufunge kamba za viatu, kaa kwenye benchi, simama, jizungushe kiuno, chukua chupa na uirudishe bila kutazama. Lizungushe begi mbele na ulirudishe. Dakika kumi na tano za hivyo zinafichua mengi.

Ukiwa na la mtumba mkononi, bana sponji ya mkanda kwa vidole viwili uachie: irudi. Vuta utepe kwa nguvu kwenye mishono, hasa pale mabawa yanaposhikana na begi, maana ndipo panapoachia kwanza. Funga na kufungua klipu, utazame kama plastiki ina nyufa nyeupe. Endesha zipu mzunguko mzima ikiwa begi limejaa. Mkanda ulioachia mshono unashoneka kwa uzi wa nailoni, na klipu inabadilishika. Sponji iliyokufa kwenye mkanda haina fundi wa bei nafuu, liache.

Likiwa zuri kwa kila kitu isipokuwa halina mikanda ya mabegani, usilikatae kwa sababu hiyo. Fundi anaweza kushona vitanzi vinne, viwili juu upande wa mgongo na viwili kwenye mkanda, halafu ukatumia mikanda ya begi kuukuu la shule. Vitanzi vya juu vikae karibu na katikati, kwa nafasi ya upana wa kiganja, mikanda isije ikateleza mabegani. Hakikisha tu anashona kupitia utepe, asishone kwenye kitambaa peke yake, kwa sababu kitambaa kitachanika siku ya kwanza utakapobeba lita 2.